Uzima wa Chombo Kikuukuu

Utamaduni wa taifa aghalabu huzungumzwa kana kwamba ni ngoma, mashairi, mavazi na michezo ya jadi tu. Hivyo ndivyo wengi walivyouelewa tangu mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri na Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ikaundwa. Mimi nami ni mtunzi wa mashairi, wala sina nia ya kuipunguzia ngoma heshima yake. Walakini naamini kuwa tabia ya watu hudhihirika zaidi katika mambo yasiyochezwa uwanjani siku ya sikukuu, na mojawapo ni namna wanavyokitendea chombo kilichokwisha kuchakaa. Kipya hakimjaribu mtu. Kila mmoja wetu hukipenda kipya, hukifuta vumbi, na huwakataza watoto wasikiguse. Mtihani huanza siku chombo kinapoanza kudai.

Chombo nitakachokitolea mfano hawakukijua wazee wetu. Ni gari lenye injini ya petroli na mota za umeme, zote zikilisukuma kwa zamu au kwa pamoja. Mafundi wa mitaani huliita haibridi. Mimi nitaliita gari mseto, maana kila aliyewahi kula mseto wa mchele na choroko atalielewa neno hilo bila ya kamusi. Na swali langu ni hili: mwenye chombo kikuukuu anawiwa nini na chombo hicho, na anawiwa nini na mtu atakayekipokea baada yake?

Yafaa kwanza tulieleze gari lenyewe, kwa sababu wengi hulipanda bila ya kulijua. Prius ya kampuni ya Toyota ilianza kuuzwa Japani mwezi Desemba mwaka 1997, nayo ndiyo iliyokuwa gari mseto la kwanza kuundwa kwa wingi kwa ajili ya watu wa kawaida. Siri yake ni kukataa kupoteza. Gari la kawaida likifungwa breki, mwendo wote lililokuwa nao hugeuka joto na kutoweka hewani. Katika gari mseto mota hugeuka jenereta, mwendo ukawa umeme, umeme ukatiwa katika betri kubwa iliyo nyuma ya kiti cha abiria, na gari likiondoka tena umeme huo huo hulisukuma. Ndiyo maana breki za magari haya huchukua muda mrefu kuisha. Kompyuta nayo haiiachi betri ijae kabisa wala imalizike kabisa. Huiweka kati, kiasi cha asilimia 40 hadi 80, kwa kuwa shibe iliyozidi na njaa iliyozidi zote huizeesha. Sijapata kusikia mahubiri ya kiasi yaliyo mafupi kuliko hayo.

Likisimama kwenye taa za barabarani, injini hunyamaza. Abiria asiyelizoea hushtuka akauliza, “Limezima?” Dereva hucheka, maana gari halina kasoro yoyote. Msomaji na alishike neno hilo, tutalirudia.

Sasa betri. Katika Prius ya kizazi cha pili, iliyotolewa mwaka 2003, betri hiyo ina vipande 28 vilivyopangwa kama vitabu katika rafu. Kila kipande kina seli 6, kila seli ina volti 1.2, na vyote vimeungwa mfululizo hata vikatoa volti 201.6 kwa jumla, nguvu isiyo mbali sana na ile ya umeme wa majumbani, nayo yatosha kabisa kumwua mtu. Kuungwa mfululizo maana yake ni kwamba mkondo upitao katika kipande cha kwanza ndio huo huo upitao katika cha mwisho. Kipande kimoja kikidhoofu, 27 vilivyobaki haviwezi kupita kando yake vikamwacha mgonjwa nyuma. Aghalabu vya katikati ndivyo hutangulia kuugua, kwa kuwa vimebanwa na wenzao pande zote na joto lao halina pa kutokea.

Na joto ndilo adui. Pembeni mwa kiti cha nyuma pana tundu dogo lenye kichujio, ambapo feni huvuta hewa ya ndani ya gari na kuipeleka kwenye betri. Wenye magari wengi hawalijui tundu hilo. Nimeona watu waungwana kabisa, wapendao usafi, wakitandaza vitambaa vya kufuma juu ya viti mpaka tundu likafunikwa. Wengine hupakia magunia ya mkaa na ndoo za dagaa mpaka feni ikajaa vumbi na nyuzi kama pua ya mpasua mbao. Betri hupika humo ndani kimya kimya. Gari likiachwa juani mchana kutwa katika mji kama Dar es Salaam, vioo vimefungwa, hewa ambayo feni itaivuta jioni ni ya tanuri. Kazi ya kuifungua feni na kuisafisha ni ya nusu saa. Gharama ya kutoifanya huja baada ya miaka, na mara nyingi humwangukia mtu mwingine.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la ufundi peke yake.

Magari haya hutufikia yakiwa yamekwisha kutumika kwao. Huko Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, pamoja na kodi na matengenezo yanayoandamana nao, humgharimu mwenye gari fedha nyingi. Basi wengi huona ni nafuu kuliuza kuliko kulitunza. Gari halikuja kwetu kwa sababu limekufa. Limekuja kwa sababu matunzo yake yalikuwa ghali huko lilikotoka. Nchi zetu nazo zina misimamo yao. Kenya haipokei gari lililozidi umri wa miaka 8. Tanzania hulipokea, ila kwa gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Wapo waungwana wanaochukizwa na biashara hii yote, wanaoona kuwa taifa linalovaa na kupanda vilivyoachwa na wengine limejishusha. Ninaiheshimu hasira yao. Lakini mfanyakazi wa serikali, muuguzi au mwalimu hana gari jingine analoliweza, na kuukuu lililotunzwa lina heshima kuliko jipya la mkopo usiolipika.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni lugha. Gari lililokuwa likitumika Japani lina kioo cha Kijapani na kitabu cha Kijapani, ikiwa kitabu chenyewe hakikupotea njiani. Likitaka kumwonya mwenyewe, humwonya kwa lugha asiyoijua. Namkumbuka jirani yangu mmoja aliyekaa miezi minne na maandishi mekundu mbele yake akidhani ni salamu za kampuni. Twajivunia kwamba Kiswahili kimepewa istilahi za benki, sheria na kompyuta. Sijui ni nani atakayetuandikia kitabu kidogo cha Kiswahili chepesi kumweleza mtu tundu la hewa liko wapi na taa ya pembetatu ina maana gani. Kitabu hicho kingekuwa utamaduni kweli kweli.

Nami nilinunua gari la namna hiyo, miaka saba iliyopita. Aina yake sitaitaja, kwa kuwa kosa nitakalolisimulia halikuwa la kiwanda. Aliyeniuzia alikuwa mtu wa maneno mazuri na alinihakikishia kwamba gari ni zima. Nililiendesha wiki tatu, likanipendeza kwa ukimya wake na kwa jinsi lilivyokunywa petroli kidogo kidogo. Wiki ya nne, nikipanda mlima, taa ya pembetatu ikawaka, nguvu zikapungua, feni ya nyuma ikaanza kuvuma kama mtu anayehema.

Fundi niliyempata ana gereji chini ya mwembe. Hakusomea chuoni. Alijifunza kwa kaka yake, kisha kwa kutazama picha za video katika simu yake usiku, akirudia mahali pamoja mara kumi. Aliunganisha kifaa kidogo chini ya usukani, kifaa kikaongea na kompyuta ya gari, naye akanionyesha: kosa lilikuwa limeandikwa siku nyingi, likafutwa, likaandikwa tena, likafutwa. “Mzee wangu,” akasema, “hili gari limeziwa mdomo mara tatu.” Kwa kifaa hicho hicho alichoshika mkononi, mtu huweza kuifuta kumbukumbu ya kosa, na taa ikazimika. Haikai muda mrefu. Yaweza kukaa siku mbili, yaweza kukaa mwezi, kwa kutegemea ugonjwa na mwendo. Yatosha kwa kuuzia.

Hapa ndipo nilipoanza kulitazama neno lile. Lugha yetu ina neno “-zima” lenye maana ya kamili, lenye afya, lenye uhai: mtu mzima, mkate mzima, u mzima? Kisha ina kitendo “kuzima”: kuzima moto, kuzima taa, gari limezima. Watungaji wa kamusi huyaweka mbali mbali, kama watu wawili waliofanana sura. Lakini katika biashara ya magari makuukuu watu hawa wawili hukutana sokoni. Mtu huizima taa, akatangaza kuwa gari ni zima.

Kazi ya kulitengeneza niliishuhudia mwanzo hadi mwisho, na nitaieleza kwa urefu kidogo kwa sababu ilinifunza mengi. Kwanza fundi alichomoa kizibo cha usalama kilichoko nyuma, kile kinachoikata betri katikati, akakitia mfukoni mwake. Nikamwuliza kwa nini asikiweke mezani pamoja na vifaa vingine. Akanijibu kuwa mwanagenzi wake, kijana wa miaka kumi na tisa, angeweza kukirudisha kwa kudhani anasaidia, ilhali mikono ya mwenzake imo ndani. Kisha akaketi. Akasubiri zaidi ya dakika kumi, kwa kuwa umeme uliohifadhiwa katika sanduku la inveta hauondoki mara moja. Nimekwisha kuona ofisini watu wenye shahada wasioweza kusubiri dakika kumi kwa ajili ya uhai wa mtu mwingine. Ndipo akavaa glavu nzito za mpira, akagusa nyaya za rangi ya chungwa, ambazo katika magari haya ni ishara ya hatari.

Betri ilipofunguliwa, vipande vilikuwa vimebanwa pamoja kwa bamba mbili za chuma, kwa sababu vikiachwa huru huvimba. Vibati vya shaba vinavyoviunganisha vilikuwa vimeota kutu ya kijani kibichi. Mwanagenzi alivisugua kimoja kimoja mpaka vikarudi rangi yake. Fundi naye akapima. Kipande kizima, kikiwa kimepumzika, husoma volti saba na nusu au kukaribia nane. Kilichokufa seli moja hupungukiwa na zaidi ya volti moja. Lakini kipimo cha kupumzika hudanganya, kama vile mtu aliyelala hujulikani ugonjwa wake. Basi fundi alikiunga kila kipande na balbu ya taa kubwa ya gari kwa dakika mbili, akatazama kinavyoanguka. Vitatu vilianguka upesi. Kimoja kilianguka kidogo, naye akakitazama muda mrefu, akatikisa kichwa, akakirudisha.

Nikamwomba aweke vipya mahali pa vile vitatu. Akakataa. Kipya kabisa kikiwekwa kati ya vizee, akasema, hakitavisaidia. Vizee vitajaa na kuisha upesi, nacho hakitapata nafasi ya kufanya kazi yake, mpaka mwisho mvutano huo uviharibu vyote. Hutafutwa vya umri wa karibu, vyenye nguvu ya karibu, kutoka katika betri nyingine iliyovunjwa. Kisha vyote huungwa sambamba usiku kucha, vigawane umeme mpaka viwe sawa, ndipo hurudishwa katika safu. Na vile vya katikati huhamishiwa pembeni, vya pembeni vikaja katikati, ili taabu ya joto isiwaelemee wale wale. Nilipoliona hilo nilinyamaza. Tumeandika mashairi mangapi juu ya umoja na kugawana mzigo, na tumehamisha wangapi kutoka katikati?

Huenda mtu akauliza kama gari lililobadilishwa viungo hivyo bado ni gari lile lile. Plutarch amesimulia jinsi wanafalsafa wa Kiyunani walivyobishana juu ya chombo cha Theseus kilichobadilishwa mbao moja moja. Mabaharia wetu nao walibadilisha mbao, wakakalafati kwa pamba, wakapaka sifa juu na deheni chini ya maji, mwaka baada ya mwaka, na chombo kikaendelea kuitwa jina lake. Sidhani kama walikesha wakibishana. Hata lugha yetu yaonekana haikuona haja, kwa kuwa neno moja, “kutengeneza”, latutosha kwa kuunda na kwa kurekebisha. Swali hilo ni zuri, lakini ni la mtu aliyesimama pwani. Aliye chomboni huuliza kama kinavuja.

Vipande vile vitatu vilivyokufa vilinisumbua kidogo. Ndani yake mna nikeli, madini yale yale yaliyomo katika ardhi yetu kule Kabanga, wilayani Ngara, na mna maji makali ya potasi yanayounguza ngozi na macho. Mwanagenzi alitaka kuvitupa jalalani nyuma ya ukuta, ambako watoto huchezea. Fundi akamgombeza, akaviweka katika ndoo yenye kifuniko mpaka apatikane mnunuzi wa chakavu anayejua anachokinunua. Sisemi kuwa hilo limemaliza jambo. Ndoo hiyo, mara ya mwisho nilipoiona, ilikuwa imejaa, na ya pili imeanza.

Gari likaenda vizuri mwaka mmoja na miezi. Kisha taa ikawaka tena: kile kipande cha nne, alichokitikisia kichwa, kilikuwa kimefika mwisho wake. Wakati huo nilikuwa na karo mbili za kulipa na paa la nyumba ya mama kijijini lilikuwa limeng'oka. Fundi aliniambia, kwa nia njema kabisa, “Mzee wangu, niizime taa, uliuze wiki hii. Mimi nitakutafutia mtu.” Nikamkubalia. Sitamsingizia mtu mwingine katika hili.

Mtu aliyekuja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana, amechukua mkopo katika chama chao cha akiba. Alinipa shikamoo, akalizunguka gari, akaliendesha mpaka njia panda na kurudi, akafurahi. Ndipo akauliza kama nilivyouliza mimi: “Mzee, gari ni zima?” Nikasema ni zima. Neno lilitoka kinywani bila ya kujikwaa. Akaniaga, akasema atarudi kesho na fedha.

Usiku ule nilijitetea kwa hoja tatu, na kwa kuwa ni hoja ambazo wengi wetu huzitumia, yafaa zipimwe. Ya kwanza ni kwamba nami nilifanyiwa vivyo hivyo. Hiyo haikuchukua muda kuanguka: aliyenidhulumu alikuwa mmoja, na mwalimu huyu siye. Ya pili ni kwamba bei yenyewe ilikuwa ya chini, na mwenye akili hujua kuwa cha bei ya chini kina jambo. Lakini bei ile sikuishusha kwa ajili ya kasoro. Niliishusha ili liuzwe upesi kabla taa haijawaka.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonichelewesha usingizi: mnunuzi ana macho. Ni kanuni ya zamani na ina haki yake. Anayenunua chungu hukigonga kwa kidole akasikiliza sauti. Anayenunua mbuzi humfungua mdomo akatazama meno. Anayenunua jahazi husubiri maji yakupwe, akaingia chini ya chombo, akagonga mbao na kuchokora kalafati kwa ncha ya kisu. Kwa vyombo hivyo kasoro na mnunuzi walikuwa uwanja mmoja. Mzembe alipata hasara yake mwenyewe. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, walikuwa na hakika kuwa ufa utaonekana. Lakini kasoro ya gari hili imo ndani ya sanduku lililofungwa, nyuma ya kiti, na ushahidi wake umo katika kumbukumbu ambayo muuzaji anaweza kuifuta kwa kidole. Mwalimu angegonga nini? Kadiri chombo kinavyozidi kuficha, ndivyo wajibu wa kusema unavyozidi kumwelemea anayejua, kwa maana amebaki yeye peke yake kuwa dirisha.

Waislamu wa pwani waliokuwa wafanya biashara walilijua jambo hili katika sheria yao. Muuzaji alitakiwa kuidhihirisha kasoro ya bidhaa, na mnunuzi aliyefichwa alikuwa na haki ya kuirudisha. Neno la Kiarabu kwa kasoro hiyo ni “ayb”. Kwetu limeingia kama “aibu”, nasi hatulitumii tena kwa bidhaa, twalitumia kwa mtu. Sijui kama tulikusudia, ila naona lugha ilifanya vema kuihamisha kasoro kutoka katika kitu hadi katika uso wa mwenye kukiuza.

Wala sisemi kuwa ni vibaya kuuza gari lenye kiraka. Maskini hana budi kuishi kwa viraka. Betri mpya kamili huweza kukaribia bei ya gari lenyewe, na anayemwambia mwalimu au karani anunue mpya ama hajui mishahara ama anatania. Kubadilisha vipande vitatu ni kazi halali, yenye ujuzi, na itampa mtu mwaka au miaka miwili ya kwenda kazini. Kilichokuwa kibaya ni lile neno moja, “zima”, nililolitamka nikijua kilichozimwa.

Asubuhi nilimpigia simu kabla hajaenda kuchukua fedha. Alikuja. Nikamweleza yote: vipande vitatu, kipande cha nne, taa. Nilidhani, nakiri, kwamba atanishukuru. Alinitazama kwa muda, akauliza, “Mbona jana hukusema?” Sikuwa na jibu. Ukweli uliochelewa ulimfanya adhani kuwa nyuma yake pana kasoro nyingine kubwa zaidi, na ningekuwa yeye nami ningedhani hivyo. Aliniaga kwa adabu, akaenda. Baadaye alinunua gari jingine kwa mtu mwingine, na mara nyingine hukutana naye barabarani. Gari lake linakwenda vizuri hadi leo. Paa la nyumba ya mama liliezekwa kwa kukopa. Fundi alininunia wiki nzima kwa sababu alipoteza fungu lake la udalali, na kusema kweli alikuwa na haki ya kuninunia, maana ni mimi niliyemkubalia.

Tulipatana kwa njia hii. Nilinunua daftari la shule, la kurasa 48, nikalichorea mistari. Kila kipande cha betri kina nambari yake. Fundi akipima, mwanagenzi huandika: tarehe, kilomita, volti kabla ya balbu na baada ya balbu, kipi kimehamishwa kutoka wapi, kipi kimetoka katika betri ya nani. Mwanzoni fundi alicheka akasema kuwa mzee anatunga shairi la betri. Safari hii ya mwisho niliona daftari jingine juu ya meza yake, la gari ambalo silijui, lenye mistari iliyochorwa vibaya kuliko yangu.

Daftari langu hukaa katika kisanduku cha mbele, pamoja na kadi ya gari. Siku nitakapoliuza litakwenda pamoja nalo. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa mwanagenzi, unasema: feni imefunguliwa na kusafishwa, vibati vimesuguliwa, kipande cha 9 kinashuka kidogo, kiangaliwe baada ya mvua.